Si kila mgonjwa ana pumzi 20: kwa mwanafunzi wa uuguzi anayeingia wodini Pemba

Chati za wanafunzi nazisoma kuanzia safu ya pumzi kwa dakika. Nikikuta kitanda cha kwanza 20, cha pili 20, cha tatu 20, mpaka mwisho wa wodi 20, najua hakuna aliyehesabiwa. Joto limepimwa, kwa sababu kipimajoto kinalia. Presha imepimwa, kwa sababu mashine inatoa namba. Pumzi hazina mashine ya kuzisema, bas zinatungwa.

Kwa hiyo naanza nazo, ingawa masomo ya mwaka wa kwanza huanza na historia ya uuguzi na maana ya afya. Hayo mtayapata darasani, Mbweni kule Unguja au popote mnaposoma. Mie naeleza ya kitandani, kama ninavyowaonesha wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo huku Pemba.

Pumzi

Kuwa na saa yenye mshale wa sekunde. Ibane kifuani kwenye sare, si mkononi, maana kifundo cha mkono kinatakiwa kiwe wazi kwa kunawa. Simu iache mkobani. Ni chafu, halafu jamaa wa mgonjwa akikuona umeinamia simu mbele ya mzee wake hatakuuliza unafanya nini, atakwenda kusema nje kuwa manesi wa siku hizi wanachati.

Mshike mgonjwa kifundo cha mkono, hesabu mapigo. Ukimaliza usiuachie mkono. Endelea kuushika vile vile, macho yako yahamie kifuani au tumboni. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima. Usimwambie kwamba sasa unahesabu pumzi zake. Mtu akijua anaangaliwa anavyopumua hubadilisha bila ya kukusudia.

Bibi aliyejifunika kanga mbili na shuka juu yake hutakiona kifua chake, na huna haja ya kumfunua. Ule mkono unaoushika ulaze juu ya tumbo lake. Utapanda na kushuka na pumzi, nawe hesabu hapo.

Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 12 na 20. Zikifika 25 hesabu tena, na zikiwa bado hapo muite msimamizi wako kabla hujaenda kitanda kinachofuata. Zikishuka chini ya 12, hasa kwa aliyechomwa mofini au pethidini, zile dawa kali za maumivu, muite mgonjwa kwa jina, mtikise bega, na piga sauti ya msaada hapo hapo ulipo. Usimwache ukaenda kutafuta mtu.

Namba peke yake haitoshi. Tizama kama pua inatanuka, kama shingo inajikaza, kama mbavu zinaingia ndani. Muulize ametoka shehia gani na nani anamuuguza. Anayekata jibu katikati ili avute pumzi amekujibu na lile ambalo hukumuuliza.

Watoto wana hesabu zao na lazima uziweke kichwani. Mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni za haraka. Wa miezi miwili mpaka kumi na moja, 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja mpaka chini ya mitano, 40 au zaidi. Mhesabu akiwa ametulia mapajani kwa mama yake, si analia na si ananyonya. Muombe mama mwenyewe ainue fulana, mtoto hatashituka. Ukiona sehemu ya chini ya kifua inazama ndani kila anapovuta hewa, hiyo ni hatari, usingoje kumaliza chati.

Nazishikilia hivi pumzi kwa sababu ndizo zinazotangulia. Mgonjwa anayepoteza damu kwa ndani, mwenye maambukizi yaliyoingia kwenye damu, mwenye sukari iliyopanda mno, wote hao huanza kupumua haraka wakati presha bado inakupa namba nzuri ya kukutuliza moyo. Presha ikishashuka umeshachelewa.

Mapigo, presha na joto

Mapigo yanahesabiwa kwa kidole cha shahada na cha kati. Kidole gumba kina mapigo yake, kitakuchanganya. Yakienda sawasawa, hesabu nusu dakika uzidishe kwa mbili; yakiruka au yakikosa mpango, dakika nzima. Mtu mzima ni 60 mpaka 100. Sikiliza pia nguvu yake: mapigo membamba yanayokimbia kwenye mkono wa baridi wenye jasho ni habari nzito.

Siku hizi kuna kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni, na wanafunzi wanakipenda kwa kuwa kinatoa na mapigo. Kitumieni, lakini mkono wa mgonjwa ushikwe. Halafu kumbukeni mko Zanzibar. Bibi harusi wa juzi amekuja na piko, ile rangi nyeusi ya kujipambia, mpaka kwenye kucha. Kipimo kile kinafanya kazi kwa kupitisha mwanga kwenye kidole, na piko au rangi nzito ya kucha inaweza kuuzuia. Hina nyekundu kwa kawaida haina tabu. Ukipata oksijeni asilimia 84 kwa mtu anayekuambia hadithi bila ya kuhema, kigeuze kikae ubavuni mwa kidole, au jaribu kidole kisichopakwa. Viganja vyenye hina vilevile visikupe jibu la upungufu wa damu. Shusha kope la chini, angalia wekundu wake wa ndani.

Presha inaharibiwa na haraka. Mtu akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu iko chini haikupandana, mkono uwe umeegemezwa usawa wa moyo, na kibofu kiwe kitupu. Asizungumze, nawe usimzungumzishe. Bi mkubwa aliyeteremka daladala njia kuu, akatembea juani mpaka kliniki, ukimkalisha tu ukamfunga mkanda utampa ugonjwa asiokuwa nao. Mkanda unafungwa juu ya ngozi, si juu ya mkono wa baibui. Mfuko wa hewa uzunguke kama asilimia 80 ya mkono wake. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba kwa uongo, na kwenye wodi nyingi nilizopita mkanda mkubwa ulikuwa umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo hayupo zamu. Uulizieni mapema.

Joto la kwapani: futa jasho kwanza. Kwa unyevu wa hewa ya kwetu kila kwapa limelowa, na jasho linapooza hushusha namba. Ncha ya kipimajoto ikae katikati ya kwapa, mkono ubanwe mpaka kilie. Ukipima kinywani, muulize kama amekunywa chai sasa hivi. Kama ndiyo, rudi baada ya nusu saa. Na andika umepima wapi, kwa sababu kwapa husoma chini kuliko kinywa.

Mikono

Kunawa kwa sabuni ni sekunde 40 mpaka 60. Kwa spiriti ya mikono ni 20 mpaka 30, ila mikono ikiwa na uchafu unaoonekana, au mgonjwa akiwa anaharisha, sabuni na maji tu. Nyakati zenyewe ni tano na mtazitahiniwa: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu kama kuchoma sindano au kufunga kidonda, baada ya kuguswa na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa. Unasogeza neti, unaweka sawa kikombe cha uji, unaondoka na mikono ile ile kwenda kitanda cha pili.

Glavu haziondoi kunawa. Unanawa kabla na unanawa ukishazivua. Mwanafunzi aliyevaa glavu moja akatembea nayo vitanda vitatu amejikinga yeye, wagonjwa amewaachia.

Maji ya bomba yakikatika, ndoo yenye koki iwekwe na beseni chini yake, na wa kwanza kuingia zamu ahakikishe imejazwa. Pete, bangili na kucha ndefu ziache nyumbani. Wasichana wanaovaa mikono mirefu chini ya sare: kunja mpaka chini kidogo ya kiwiko unapomhudumia mgonjwa, ukimaliza teremsha. Ncha za mtandio zichomeke ndani. Wapo wanaoliona jambo hili zito, nami siwalaumu, lakini ncha ya mtandio iliyoburura kwenye kidonda cha kitanda cha kwanza haifai kufika cha pili. Na mikono ikaushwe kwa hewa au kitambaa safi cha mara moja. Si kwenye sare.

Kumuogesha mgonjwa kitandani

Kazi hii wanafunzi wanaidharau, wanaona ni ya ndugu. Mie naiona ndiyo uchunguzi mkubwa kuliko wote, kwa sababu hakuna wakati mwengine wowote wa siku utakaoruhusiwa kuona ngozi yote ya mgonjwa.

Omba ruhusa, hata kwa asiyeweza kukujibu. "Sabalkheri babu, nimekuja kukuogesha, nitaanza na uso." Mwanamke aogeshwe na mwanamke, mwanamume na mwanamume, inapowezekana. Pasipowezekana, jamaa yake awepo. Vuta pazia. Kama pazia halipo, jamaa wawili washike kanga. Nimefanya kazi wodi ambayo pazia lake lilikuwa ni hilo kwa muda mrefu. Funga madirisha ya upande wa upepo. Tayarisha kila kitu kabla hujamfunua: mabeseni mawili, maji ya vuguvugu, sabuni, vitambaa, taulo, shuka safi, nguo zake.

Mfunike mwili mzima, funua sehemu moja tu unayoiosha, ikaushe, ifunike, nenda nyengine. Macho kwanza, kwa maji bila ya sabuni, kutoka kona ya puani kwenda nje, kila jicho na upande wake wa kitambaa. Kisha uso na shingo, mikono, kifua, tumbo, miguu, mgongo. Sehemu za siri mwisho, baada ya kubadilisha maji na kuvaa glavu, na kwa mwanamke futa kutoka mbele kwenda nyuma. Anayeweza kujisafisha mwenyewe mpe kitambaa, ugeuke.

Kabla hujamwaga maji, muulize kama anataka kutia udhu. Wazee wengi huwa wanaona haya kukuomba. Asiyeweza kutumia maji, kwa kidonda au kwa maradhi, ana tayamamu, na jamaa zake watajua namna ya kumsaidia; kazi yako ni kujua kuwa jambo hilo lipo na kutoa nafasi. Kibla kwetu ni kaskazini. Kitanda kikiweza kugeuzwa bila ya kuharibu dripu, kigeuze.

Sasa ngozi. Huku Pemba msimu wa karafuu ukiingia tunapokea walioanguka mikarafuu, maana matawi yake ni mepesi kukatika. Aliyevunjika uti wa mgongo hahisi miguu, hahisi kama amelalia mkunjo wa shuka tangu jana. Angalia kisogo, mabega, viwiko, mfupa wa juu ya matako, nyonga, visigino. Vitabu vinaeleza wekundu ambao ukiubonyeza haugeuki kuwa mweupe, lakini kwenye ngozi zetu wekundu huo mara nyingi hauonekani. Tafuta pahala peusi zaidi au penye rangi ya zambarau ukilinganisha na jirani yake, halafu weka kiganja: pana moto kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au panabonyea kama embe lililoiva mno? Hapo kidonda kimeshaanza chini kwa chini. Usipasugue, na usimkalishe juu ya duara la kitambaa kama walivyofanya wa zamani, linakata damu pembeni. Muondoe kabisa pahala hapo.

Mgeuze kila baada ya saa mbili: ubavu wa kushoto, chali, ubavu wa kulia. Akiwa ubavu usimlaze wima juu ya nyonga. Muinamishe nusu, kama nyuzi 30, na mto mgongoni. Kanga iliyokunjwa chini ya mashavu ya miguu inatosha kuviacha visigino hewani. Usimburure kwenye shuka, muinueni watu wawili kwa shuka ya kati.

Na hapa kuna mtego wa saa. Kwenye chati unaandika 08:00, 10:00, 12:00. Jamaa anayemuuguza anahesabu saa 2, saa 4, saa 6. Ukimwambia "mgeuze saa nane" huku kichwani una 08:00, mgonjwa atalala ubavu mmoja mpaka baada ya adhuhuri. Chati iwe ya saa 24, na jamaa waambie kwa saa zetu pamoja na wakati: saa 2 asubuhi, saa 8 usiku. Vivyo hivyo kwa dawa.

Dawa, dripu, sindano

Mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, wakati sahihi, kisha uandike. Lebo isome mara tatu: ukiichukua, ukiitayarisha, na kabla hujampa.

Kwetu kinachoponyoka ni mgonjwa sahihi. Wodi moja inaweza kuwa na Khamis Ali wawili na Ali Khamis mmoja. Usiulize "Wewe ni Khamis Ali?" Mtu mwenye homa na adabu zake atakuitikia "naam" hata kama siye. Uliza "Jina lako nani, baba yako nani, babu yako nani, shehia gani?" halafu linganisha na faili. Namba ya kitanda si utambulisho, watu huhamishwa.

Dripu isiyo na mashine inahesabiwa kwa macho. Angalia kwenye pakiti mpira wako unatoa matone mangapi kwa mililita. Ya watu wazima mara nyingi ni 20 au 15, ile ya matone madogo ya watoto ni 60. Zidisha mililita kwa matone, gawa kwa dakika. Lita moja kwa saa 8, mpira wa matone 20: elfu moja mara 20 ni 20,000, saa 8 ni dakika 480, unapata kama matone 42 kwa dakika. Yahesabu kwa saa yako ya kifuani, urudi baada ya nusu saa uhesabu tena, kwa sababu mgonjwa akikunja mkono yanapungua na jamaa mwenye huruma hukifungua kile kigurudumu "iishe upesi alale". Mweleze kwa upole kwa nini asikiguse.

Sindano iliyotumika hairudishwi kifuniko. Inaingia kwenye boksi la usalama, na boksi likijaa robo tatu linafungwa. Ukichomwa, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usiminye, na sema muda huo huo. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinataka kuanzwa haraka iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kupita. Wanafunzi wanaficha kwa kuogopa kugombezwa. Atakayekugombeza atanyamaza baada ya dakika kumi. Chanjo ya homa ya ini B kamilisheni dozi tatu, na anzeni kabla hamjaletwa wodini.

Mwezi wa Ramadhani

Mgonjwa mwenye kisukari atafunga na hatakuambia. Usimkaripie, wala usijifanye mufti. Muulize kwa uwazi, mwambie daktari, na nyakati za dawa zipangwe upya na daktari kuelekea futari na daku. Si wewe wala yeye wa kuzihamisha. Wengi hukataa kutobolewa kidole mchana. Mashekhe wengi wameshaeleza kuwa kupima hivyo hakubatilishi saumu, na akisita mpe nafasi amuulize anayemwamini. Sukari ikishuka chini ya 3.9 kwa mashine ya mmol/L, au chini ya 70 kwa mashine ya mg/dL, anafungua hapo hapo hata kama adhana imebakia dakika chache. Jasho, kutetemeka, maneno ya kuchanganyikiwa saa 10 alasiri, usidhani ni swaumu kali tu. Pima.

Kumwita daktari na kuandika

"Daktari, mgonjwa hayuko vizuri" haimtoi mtu kitandani saa 9 za usiku, wala hainitoi mie kwenye kiti changu. Sema hivi: "Daktari, ni muuguzi wa zamu, wodi ya wanaume. Nakupigia kwa mgonjwa aliyeanguka mkarafuu, ana siku ya tatu, ana mpira wa mkojo. Saa 4 usiku pumzi zilikuwa 18, sasa ni 28. Mapigo 118, presha 100 kwa 60, joto 38.9. Mkojo umekuwa mzito na umepungua. Nahofia maambukizi. Naomba uje umwone, na wakati nakusubiri nifanye nini?" Anachokuagiza kirudie kwake neno kwa neno, kisha kiandike na saa.

Kuandika kuwe kwa kalamu ya wino, baada ya kufanya, si kabla. "Amelala vizuri" si maandishi ya muuguzi. Andika amelala kutoka saa ngapi mpaka saa ngapi, ameamka akasema nini, amekunywa kiasi gani, amekojoa kiasi gani. Maneno ya mgonjwa yaache kama alivyoyasema: akisema kifua "kinanipasuka", andika kinanipasuka. Ukikosea piga mstari mmoja ili neno la chini lisomeke, weka saini na saa. Usifute kwa rangi nyeupe. Na kama hukuwahi kuhesabu pumzi za mtu, iache nafasi tupu umwambie msimamizi. Nafasi tupu nitamtuma mtu akaijaze, 20 ya kutunga nitaipita nikidhani imekwisha.